Umeme wako mwenyewe: jinsi ya kufunga sola ya nyumbani ili betri isife mwaka wa kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, betri ilikuwa inalaza taa mpaka asubuhi. Siku hizi saa 3 usiku kila kitu kinazima. Ninunue betri gani?" Kabla sijajibu huwa nauliza mambo matatu. Paneli ni ya wati ngapi? Waya unaoshuka kutoka juu ya bati ni wa unene gani? Na betri inasoma volti ngapi saa 9 alasiri? La tatu karibu kila mara halina jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kupima.

Betri nyingi za sola vijijini hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa kutojaa. Betri ya risasi inapotoa umeme, mabamba yake hujifunika salfeti. Ukiijaza mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye maji yake. Ukiiacha ikiwa nusu kwa wiki nzima, inaganda na haitoki tena. Niliwahi kumulika tochi ndani ya betri ya maji ya jirani yetu iliyokuwa imekufa. Mabamba yaliyotakiwa kuwa ya kahawia na kijivu yalikuwa yamevaa utando mweupe, kama ukuta uliopakwa chokaa. Betri hiyo ilikuwa na miezi 11.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina shabaha moja: betri ijae kabla jua halijashuka. Mfano wangu ni nyumba ya mama, kijijini mkoani Singida, ambako nguzo za umeme ziko mbali. Mfumo wa kwanza niliomfungia ulikufa kwa sababu nitakazozieleza. Wa pili unafanya kazi.

## Vifaa

Hivi ni vya nyumba ya mfano. Hatua ya 1 itakuonyesha namna ya kubadilisha vipimo vilingane na kwako.

- Paneli 2 za wati 150, zile za seli 36 (nyuma imeandikwa Vmp, yaani volti ikiwa kazini, kama 18, na Voc, yaani volti isipounganishwa na kitu, kama 22).
- Betri moja ya jeli ya volti 12, Ah 150 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaoweza kuhifadhiwa). Mbadala wake ni lithiamu ya Ah 100.
- Kontrola ya chaji (kifaa cha kati kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri) ya ampea 30, yenye skrini, na inayokuruhusu kubadilisha aina ya betri.
- Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, mwekundu na mweusi, kutoka paneli hadi kontrola na kutoka kontrola hadi betri.
- Waya wa 2.5 kwa TV, wa 1.5 kwa taa.
- Fyuzi ya ampea 30 na kishikio chake, ya kukaa kwenye chanya ya betri.
- Breka ya DC (umeme wa paneli na betri, si ule wa gridi) ya ampea 25 au 32 kati ya paneli na kontrola.
- Viunganishi vya MC4 (vya nyaya za paneli) pamoja na vile vya matawi, lagi za shaba (vichwa vya kubana kwenye ncha za waya), vibano, fremu ya chuma au alumini, skrubu zenye mpira.
- Multimita. Ya bei nafuu inatosha. Usianze kazi bila hiyo.

Utaona inveta haimo. Taa, redio na simu hazihitaji inveta, na TV nyingi ndogo zinauzwa zikiwa na tundu la volti 12. Inveta hula umeme hata ikiwa haina kazi. Ndogo tu inaweza kula wati 10 usiku kucha, sawa na taa mbili. Kama unayo kompyuta mpakato au mashine ya kunyolea, nunua ya wati 300 na uizime ukimaliza.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya matumizi kabla ya kwenda dukani

Chukua karatasi. Andika kila kifaa, wati zake, na saa zake kwa siku. Zidisha. Nyumba ya mama ilikuwa hivi:

- Taa 4 za ndani, wati 5 kila moja, saa 4: wati-saa 80
- Taa 2 za nje, wati 5, saa 12: wati-saa 120
- TV ya inchi 24, wati 30, saa 5: wati-saa 150
- King'amuzi, wati 12, saa 5: wati-saa 60
- Redio, wati 5, saa 6: wati-saa 30
- Simu janja 3, kama wati-saa 20 kila moja: wati-saa 60

Jumla ni wati-saa 500 kwa siku. Tazama zile taa mbili za nje: zinakula zaidi ya taa nne za ndani. Watu huzisahau kabisa kwenye hesabu kwa kuwa "ni taa tu".

Sasa ongeza asilimia 30 kwa umeme unaopotea kwenye betri, waya na joto: 500 × 1.3 = 650.

Paneli. Katikati ya Tanzania jua ni kali, lakini usipange kwa jua la Agosti. Panga kwa wiki za mawingu za Januari na Februari. Natumia saa 4 za jua kamili kwa siku. 650 ÷ 4 = wati 163. Kwa hiyo wati 200 ndiyo chini kabisa.

Betri. Betri ya risasi, iwe ya jeli au ya maji, itoe nusu tu ya kilichomo. Ukizoea kuikausha, miaka yake inapungua haraka. Jeli ya Ah 150 ina wati-saa 1,800 kwenye karatasi, lakini zako ni 900. Lithiamu unaweza kuitoa asilimia 80 bila kuidhuru, kwa hiyo Ah 100 inakupa kama wati-saa 1,000.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu akiona umeme hautoshi, anaongeza betri. Anaweka Ah 200 kwa paneli ya wati 100. Betri ya risasi inataka ichajiwe kwa angalau sehemu moja ya kumi ya Ah zake: Ah 150 inataka ampea 15, Ah 200 inataka ampea 20. Paneli ya wati 100 inatoa ampea 5 hadi 6, tena jua likiwa utosini. Betri hiyo kubwa haitajaa hata siku moja, na itakufa kabla ya ile ndogo. Ni kama kuchimba kisima kipana ukiwa na chemchemi ileile.

Ndiyo sababu kwa jeli ya Ah 150 nimeweka wati 300, si 200: paneli mbili zinatoa kama ampea 16. Ukichagua lithiamu ya Ah 100, wati 200 zinatosha, kwa sababu lithiamu haidhuriki kukaa nusu. Bei yake dukani ni kubwa zaidi. Mwenye uwezo achukue lithiamu. Asiye nao asione aibu, jeli iliyofungwa vizuri inahudumia nyumba miaka kadhaa.

Betri ya gari, ile N70 ya kutolewa kwenye basi? Usiitumie. Mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kidogo kidogo usiku kucha. Inaharibika ndani ya miezi.

Umefaulu ukiwa na: karatasi yenye namba tatu (wati-saa kwa siku, wati za paneli, Ah za betri), na ampea za paneli zikiwa sehemu ya kumi ya Ah au zaidi.

## Hatua ya 2: Pima dukani, usinunue lebo

Lebo inaandikwa na yeyote. Multimita haina ujamaa na mtu.

Paneli: nenda mchana, omba itolewe nje juani. Pima volti kwenye nyaya zake mbili. Seli 36 zitasoma kati ya 20 na 22. Kisha hamishia waya wa multimita kwenye tundu la 10A na ugusishe sekunde mbili tatu tu. Paneli ya wati 150 juani mchana isome ampea 7 au 8. Ikisoma 4, hiyo ni paneli ya wati 75 iliyovaa lebo ya mwenzake. Kipimo hiki ni cha paneli peke yake. Ukikifanya kwenye betri, multimita inaweza kulipuka mkononi. Na ukimaliza, rudisha waya kwenye tundu la volti palepale.

Kama muuzaji hataki kutoa paneli nje, tumia futi. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri ya kisasa inatoa kama wati 200. Wati 150 basi inataka robo tatu ya mita ya mraba au zaidi. Nimeona paneli ya ukubwa wa sinia imeandikwa wati 300. Haiwezekani.

Betri: pima volti ikiwa imetulia. Chini ya 12.4 maana yake imekaa rafu muda mrefu bila kuchajiwa, na uharibifu umeshaanza. Inyanyue pia. Jeli ya kweli ya Ah 150 ina uzito wa kilo 40 au zaidi kidogo, mfuko wa saruji karibu mzima. Ikija juu kwa mkono mmoja, risasi haimo.

Kontrola: kuna za PWM na za MPPT. Kwa paneli za seli 36 na betri ya volti 12, PWM inatosha. Lakini ukinunua paneli kubwa za siku hizi, za wati 300 hadi 550, zenye Vmp ya volti 30 au 40, lazima iwe MPPT. Sababu ni hii: PWM inaunganisha paneli na betri moja kwa moja, kwa hiyo volti zinazozidi zinapotea. MPPT huzigeuza kuwa ampea. Paneli ya wati 300 yenye volti 32 na ampea 9.4, kwenye PWM inaingiza ampea 9.4 × volti 13, yaani wati 122. Zaidi ya nusu ya hela yako imebaki juu ya bati.

Na MPPT za uongo zimejaa. Namna ya kuijua ya kweli ukishaifunga: pima ampea zinazotoka kwenye paneli, kisha zinazoingia kwenye betri. Ikiwa zinazoingia ni nyingi kuliko zinazotoka, ni MPPT. Zikilingana, umeuziwa PWM yenye maandishi.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa betri na kontrola

Iwe chumba chenye kivuli, hewa inapita, na pasipo na jiko. Joto linaua betri taratibu: kila nyuzi 10 zinazozidi kwenye joto lake la kawaida la nyuzi 25, umri wa betri ya risasi hupungua karibu nusu. Chini ya bati lisilo na dari ni tanuri. Betri ikae chini, juu ya ubao, karibu na ukuta usiopigwa na jua la jioni.

Betri ya maji hutoa hewa inayowaka ikichajiwa. Isikae chumba cha kulala, na asiingie mtu na kibatari wala sigara. Jeli na lithiamu ni salama zaidi kwa hilo, ila hewa bado inahitajika.

Kontrola ipigiliwe ukutani juu ya betri, si zaidi ya mita moja. Inapima volti za betri kupitia waya wenyewe. Waya ukiwa mrefu, inadhani betri imejaa wakati bado.

## Hatua ya 4: Funga paneli juu ya paa

Kwanza kivuli, ndipo mwelekeo. Simama mahali unapotaka kuweka paneli saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Kivuli kikifika hapo muda wowote kati ya hizo, tafuta pengine au kata tawi.

Kwa mama palikuwa na mlingoti wa antena. Kivuli chake, chembamba kama mpini wa jembe, kilikuwa kinapita juu ya paneli moja kuanzia saa 5. Nilisimama mbele ya kontrola nikiangalia skrini: ampea 14, 14, 13, halafu ghafla 8. Paneli nzima ilikuwa imelala kwa sababu ya kivuli cha upana wa vidole vinne. Seli 36 zimeungwa mfululizo, umeme unapita katika moja kwenda nyingine. Seli moja ikifunikwa, zote zinaisubiri. Tuliuhamisha mlingoti upande wa kusini mwa nyumba.

Kuhusu mwelekeo, maelezo mengi yanasema "elekeza kusini". Hayo yameandikwa kwa ajili ya Ulaya. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo sisi tunaelekeza kaskazini. Nyoosha mkono wa kulia kunakochomoza jua. Unakotazama ndiko kaskazini. Aliye Lodwar (Kenya) au Gulu (Uganda), ng'ambo ya ikweta, aelekeze kusini. Lakini tukiwa karibu hivi na ikweta, mwelekeo unabadilisha kidogo tu. Bora paa linaloelekea mashariki lisilo na kivuli kuliko la kaskazini lenye mwembe.

Mwinamo uwe nyuzi 10 hivi: kwa kila mita 1 ya paneli, upande mmoja uinuke sentimita 17 hadi 20. Ukiilaza kabisa, mvua haioshi vumbi, linajikusanya ukingoni na kufunika seli za chini.

Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati. Paneli ikipata moto inapoteza volti, na hilo utaona uzito wake katika hatua inayofuata. Skrubu zishike kwenye papi au kenchi, si kwenye bati peke yake. Upepo wa Singida wa mwezi wa nane umeshaondoka na paneli nyingi.

Onyo: funika paneli kwa gunia au blanketi unapounganisha. Juani paneli iko hai wakati wote, haina swichi. Na usipande peke yako.

Unganisha paneli mbili sambamba: chanya na chanya, hasi na hasi, kwa viunganishi vya matawi. Volti zinabaki 18, ampea zinajumlishwa. Ukiziunga mfululizo zitafika volti 44 zisipokuwa na mzigo (kitu kinachotumia umeme), na PWM ya volti 12 inaweza kuungua.

Funga pia waya wa ethi kutoka kwenye fremu hadi fimbo iliyopigwa ardhini. Hauzuii radi ya moja kwa moja. Mvua ya radi ikija, zima breka ya paneli.

## Hatua ya 5: Waya, mahali nilipokosea

Mfumo wa kwanza wa mama niliufunga kwa waya wa 1.5, ule wa taa, kwa sababu ndio uliokuwa umebaki. Taa ziliwaka, TV ikawaka, nikaondoka nimeridhika. Baada ya miezi saba betri haikuweza kufika saa 4 usiku. Nilirudi nikadhani nimeuziwa betri mbovu. Nilipogusa waya mchana ulikuwa na joto, kama kikombe cha chai.

Fanya hesabu hii nami, maana ndiyo inayoeleza betri nyingi zilizokufa.

Paneli ina volti 18 ikiwa baridi, kama ilivyopimwa kiwandani. Juu ya bati mchana inafika nyuzi 60 na zaidi, na volti zinashuka hadi 15.5 hivi. Betri ya jeli, ili ijae, inataka isukumwe hadi volti 14.2 au 14.4. Kwa hiyo una nafasi ya volti moja tu ya kupoteza njiani.

Kutoka paa hadi kontrola ni mita 8. Umeme unakwenda na kurudi, basi ni mita 16 za waya. Kwa ampea 16:

- Waya wa 1.5 unapoteza kama volti 3.1. Zinabaki 12.4.
- Waya wa 2.5 unapoteza kama volti 1.9. Zinabaki 13.6.
- Waya wa 6 unapoteza kama volti 0.8. Zinabaki 14.7.

Ule wa 6 peke yake ndio unaopita juu ya 14.4 huku ukibeba ampea zote. Kwa nyaya nyembamba betri itapokea, lakini kadiri inavyokaribia kujaa umeme unazidi kudhoofika, na jua linazama kazi ikiwa nusu. Kesho vivyo hivyo. Hakuna taa nyekundu itakayokuambia. Skrini itaonyesha inachaji, na kweli inachaji.

Umbali ukizidi mita 10, nenda waya wa 10, au sogeza kontrola. Hakikisha ni shaba. Kuna waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Ukwangue kwa kisu, ndani ukiwa mweupe uache.

Kila ncha ya waya mnene iwe na lagi iliyobanwa kwa koleo lake. Kusokota nyuzi na kufunga tepu ni mahali pa moto kuanzia.

## Hatua ya 6: Unganisha kwa mpangilio huu, usiruke

Vua pete na saa ya chuma. Spana ikigusa ncha mbili za betri inashikana na kuwa nyekundu kabla hujaiachia. Isokotee tepu kwenye mpini.

1. Fyuzi kwenye chanya ya betri, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye ncha. Fyuzi inalinda waya. Ikikaa mbali, kipande cha waya kabla yake hakina mlinzi, na betri inaweza kutoa mamia ya ampea nyaya zikigusana.
2. Betri kwenye kontrola. Hasi, kisha chanya. Skrini iwake. Betri huwa ya kwanza kwa sababu kontrola inaitazama ijue kama mfumo ni wa volti 12 au 24. Ukianza na paneli, inaweza kusoma vibaya, au kuungua.
3. Weka mipangilio kabla ya paneli (hatua ya 7).
4. Paneli kwenye kontrola, kupitia breka ikiwa imezimwa. Pima chanya na hasi kwa multimita kwanza, usiamini rangi. Kisha washa breka.
5. Taa na TV, mwisho kabisa.

Siku ya kufungua, rudi nyuma: mzigo, paneli, betri.

Breka iwe imeandikwa DC. Ile ya umeme wa gridi imetengenezwa kwa umeme unaozimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde, na cheche yake huzimika hapohapo. Umeme wa sola hauna mapumziko hayo.

Inveta, kama unayo, iende moja kwa moja kwenye betri kwa waya wake mfupi wa milimita 10 za mraba na fyuzi ya ampea 40 (kwa ile ya wati 300). Usiifunge kwenye matundu ya taa ya kontrola. Ukitaka nyaya za volti 230 ukutani, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Umeme huo unaua bila kujali umetoka juani.

## Hatua ya 7: Mipangilio ya kontrola

Hii inachukua dakika tano na karibu kila mtu huiruka.

Chagua aina ya betri. Jeli ijazwe hadi 14.1 au 14.4 (soma ubavuni mwa betri), betri ya maji 14.4 hadi 14.8, lithiamu kati ya 14.2 na 14.4. Jeli ikisukumwa kama betri ya maji inakauka, na haina mahali pa kuongezea maji.

Kisha tafuta volti ya kukata mzigo, yaani ile ambayo kontrola ikiifikia inazima taa na TV. Kontrola nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kwenye 10.7. Hapo betri ya risasi imeshakauka kabisa. Weka 12.0, na ya kurudisha mzigo 12.6.

Familia italalamika wiki ya kwanza TV ikizima katikati ya taarifa ya habari. Waeleze. Mama alinielewa nilipomwambia ni kama mbegu: hizo za chini si za kula.

Umefaulu ukiona: siku ya kwanza na ya pili bila kutumia chochote, betri imepanda hadi 14 na ushee, kisha kontrola yenyewe imeshusha hadi 13.5 au 13.8. Kushuka huko ndiko kujaa. Usiwashe TV kabla ya kuliona.

## Hatua ya 8: Daftari na kamba

Ning'iniza daftari kwa kamba kando ya kontrola. Kwa siku 14 za kwanza andika namba mbili: volti kabla jua halijachomoza, na volti za juu kabisa kati ya saa 8 na saa 9 mchana. Baadaye mara moja kwa wiki inatosha. Mjukuu wa darasa la nne anaweza kuifanya, na kwa mama ndiye anayeifanya.

Asubuhi betri ya risasi isome 12.3 au zaidi. 12.2 ni nusu. Kwa mama huwa 12.4, siku za mawingu 12.2.

Namba mbili hizo zinakuambia ugonjwa uko wapi:

- Mchana inafika 14.4, asubuhi iko chini ya 12.2. Kuchaji ni kuzuri. Mnatumia zaidi ya mlivyohesabu, au betri imechoka. Zima kila kitu usiku mmoja. Ikiwa asubuhi bado imeshuka chini, betri ndiyo mgonjwa.
- Mchana haifiki 14. Usiguse betri. Tafuta juu: vumbi, kivuli kipya cha tawi lililokua, kiunganishi kilicholegea, waya mwembamba.
- Mchana inafika 14.4 mapema mno, saa 3 asubuhi, na usiku inazima haraka. Betri imepoteza nafasi yake. Inajaa upesi kwa sababu imebaki ndogo ndani.

Nimeona watu wakinunua betri ya tatu kwa ugonjwa wa pili kwenye orodha hiyo. Kitambaa chenye maji kingewaokoa.

Kiangazi cha kati mwa nchi, kuanzia Mei hadi Novemba, futa paneli kila wiki mbili. Fanya alfajiri, kwa maji na kitambaa laini, bila sabuni ya unga. Maji baridi kwenye kioo cha mchana yanaweza kukipasua. Betri ya maji ikague kila mwezi: mabamba yawe yamefunikwa, ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, kamwe si tindikali wala maji ya bomba.

Ukiongeza kifaa, rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1 kabla hujakichomeka. Friji ya kawaida ya dukani inaweza kula wati-saa 1,000 kwa siku, mara mbili ya nyumba nzima ya mfano. Hiyo inataka mfumo wake.

Na betri ikifika mwisho wake, irudishe kwa wanaonunua betri chakavu ikiwa nzima. Usiruhusu mtu aipasue uani kutoa risasi ya kuyeyushia. Vumbi lake hukaa kwenye udongo, na watoto wanaocheza hapo ndio wanaolila.